BIDII BILA UFUNDI: Somo juu ya mtu apendaye mchezo lakini haujui



Somo la safari hii si la hesabu wala la jiografia. Ni juu ya kiwanja cha mchezo, na zaidi juu ya mtu mmoja ambaye kila klasi inaye. Mtu huyu anapenda mchezo kuliko wote. Siku ya mchezo ikifika, ni yeye wa kwanza kuwa kiwanjani. Anakimbia nyuma ya mpira toka mwanzo mpaka mwisho. Lakini mpira ukimfikia, unapita chini ya mguu wake. Akipiga, unaenda kwa shamba la watu. Akirusha kwa basketi, haugusi hata chuma. Wenzake wanapiga kelele: "Weye ondoka, unatuharibia!" Na kesho yake anarudi tena.

Wengi wanamcheka. Sisi tunataka kumchunguza vizuri, sababu jambo hili si la kuchekesha tu. Mtu akifukuzwa kiwanjani mara nyingi, mwisho anakaa pembeni, na kule pembeni anajifunza kwamba kuna watu wa kucheza na kuna watu wa kutazama. Fundisho lile analibeba mpaka klasini, mpaka kwaya, mpaka kanisani. Tena kuna upande mwingine: mwenye bidii asiyejua anaweza kuvunja mguu wa mwenzake bila kutaka, na mguu uliovunjika ni pesa ya hospitali na miezi ya masomo iliyopotea. Njo maana tunasema: habari yake inafaa somo.

1. JINA LAKE

Kwa Kifaransa mtu wa namna hii anaitwa amateur, na sisi tunasema amatere. Neno lile linatoka kwa Kilatini, amare, maana yake kupenda. Basi kwa asili yake amatere si mtu asiyejua. Ni mtu anayefanya kitu kwa sababu anakipenda, si kwa sababu analipwa. Leo mtu akisema "hii ni kazi ya amatere," anataka kusema kazi mbaya. Maana mbili zimechanganyika, na inafaa tuzitenganishe: kupenda ni kitu kimoja, kujua ni kitu kingine. Kuna anayejua na hapendi. Huyo unamwona anatembea kiwanjani kama anapeleka barua. Kuna anayependa na hajui. Huyo ndiye tunasema habari zake.

Mtume Paulo alitenganisha mambo haya mawili alipoandika juu ya ndugu zake Waisraeli (Waroma 10:2). Alishuhudia kwamba bidii wanayo, lakini maarifa yalikosekana. Angalieni: hakusema bidii yao itupwe. Alitaka maarifa yaongezwe juu yake. Na Mithali 19:2 inaonya juu ya mtu mwenye miguu ya haraka, kwamba hukosa njia. Mwalimu wa jimu angeweza kuandika onyo lile kwenye ubao wake.

Kwa hiyo ugonjwa wa amatere si bidii. Bidii ndiyo afya yake. Kinachokosekana ni ufundi, na ufundi unajifunzwa. Bidii ni ngumu zaidi kumfundisha mtu.

2. MICHEZO MIWILI ILIYOTENGENEZWA KWA AJILI YA WASIOJUA

Wanafunzi wengi wanafikiri kwamba michezo ililetwa na watu hodari kwa ajili ya watu hodari. Tutazame historia ya michezo miwili tunayoicheza hapa kwetu, basketi na volei. Yote miwili ilitoka kwa chama cha vijana Wakristo kiitwacho YMCA, kilichoanzishwa London mwaka 1844.

Mwaka 1891, kule Springfield, Marekani, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, alipewa klasi ngumu. Walikuwa wanaume 18. Ilikuwa wakati wa baridi kali, hawakuweza kucheza inje, na mazoezi ya ndani yalikuwa yamewachosha. Mkubwa wake alimpa siku 14 kutafuta mchezo mpya. Kwanza Naismith alijaribu kuingiza ndani michezo ya inje, lakini watu waliumizana. Basi alikaa, akafikiri: ukali unatoka wapi? Akaona unatoka kwa kukimbia na mpira mkononi, sababu anayekimbia na mpira lazima akamatwe na kuangushwa. Akakataza kukimbia na mpira. Akafikiri tena: goli likiwa chini, kila mtu atarusha kwa nguvu zake zote. Akaliweka juu, ili mpira urushwe polepole, kwa kupima. Alitundika vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa ghorofa, urefu wa mita 3 na sentimita 5, na urefu ule haujabadilika mpaka leo. Akaandika sheria 13. Katika mwezi wa Desemba watu wale 18 waligawanyika 9 kwa 9, wakacheza na mpira wa miguu wa kawaida. Mchezo wa kwanza ulimalizika kwa goli 1 kwa 0. Bingwa hakuwako hata mmoja kati yao. Wote 18 walikuwa hawajui!

Miaka minne kisha, mwaka 1895, kule Holyoke, karibu na Springfield, mwalimu mwingine wa YMCA, William Morgan, aliona kwamba basketi inachosha sana watu wazima wenye kazi za biashara. Akafunga wavu juu kidogo ya kichwa cha mtu, karibu mita 2, akaweka kila ekipe upande wake ili watu wasigongane. Hesabu ya wachezaji haikufungwa: hata wakija wengi, wanaingia. Kuugusa mpira mara ngapi pia haikufungwa. Ni kisha tu, mchezo ulipokua, ndipo zilikuja sheria tunazozijua: wachezaji 6, kugusa mara 3, wavu wa mita 2,43 kwa wanaume na mita 2,24 kwa wanawake.

Tunajifunza nini hapa? Kwamba mchezo unatengenezwa kwa mtu, si mtu kwa mchezo. Naismith alipoona watu wanaumizana, hakufukuza watu, alibadilisha sheria. Morgan alipoona watu wanachoka, hakuwaambia wakae pembeni, alifunga wavu. Na michezo ile ya wasiojua iliingia Olimpiki, basketi mwaka 1936 kule Berlin, volei mwaka 1964 kule Tokyo.

Mfano wa tatu uko kwetu Kongo. Ekipe kubwa ya Lubumbashi, TP Mazembe, ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule kule. Walitaka vijana wa shule wapate kitu cha kufanya kwa furaha. Ekipe ile ya wanafunzi ilikua, ikabadilisha majina, ikawa bingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Sisi Waprotestanti tunaweza kusifu kazi hii bila wivu.

3. ALIYECHELEWA KUANZA

Mtu atasema: "Miye nimekwisha kuwa mkubwa, wenzangu walianza kucheza toka utoto." Tumjibu kwa habari ya Dikembe Mutombo. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Katika utoto wake alicheza mpira wa miguu, alikuwa golikipa. Basketi aliianza akiwa kijana mkubwa tayari. Mwaka 1987 alienda Marekani kusoma kwenye université ya Georgetown, na shabaha yake ilikuwa kuwa munganga. Kule ndipo kocha wa shule alimwita katika ekipe. Toka mwaka 1991 mpaka 2009 alicheza kati ya mabingwa wa Marekani, akazuia mipira 3.289, na katika historia yao yote ni mtu mmoja tu aliyempita kwa hesabu ile. Uganga haukumtoka moyoni: mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifungua milango. Alikufa mwaka 2024.

Tusidanganyane. Mutombo alikuwa na urefu wa mita 2,18, na hatusemi kwamba kila anayechelewa atakuwa kama yeye. Wengi wetu tutacheza vibaya, kisha tutacheza vibaya kidogo, na tutaishia hapo. Neno letu ni hili: kuchelewa si sababu ya kukaa pembeni. Na kucheza hakufai paka kwa yule atakayekuwa bingwa. Shirika la Afya la Dunia linashauri kijana wa miaka 5 mpaka 17 atumikishe mwili wake karibu dakika 60 kila siku. Halikusema "kijana anayejua kupiga pasi." Lilisema kijana.

4. GINSI AMATERE ANAVYOPASWA KUCHEZA

Sasa tunasema na wewe mwenyewe, ndugu au dada mwenye bidii. Tunakupa mashauri saba.

(a) Jua sheria. Hii haihitaji miguu mizuri, inahitaji masikio. Sheria za mpira wa miguu ni 17 tu. Wengi wanaolia "ofsaidi!" hawajui kwamba hakuna ofsaidi mpira ukitoka moja kwa moja kwa kona, kwa kurusha na mikono, au kwa kipigo cha goli. Mtu anayejua sheria anaanza kuheshimiwa mbele hajapiga mpira hata mara moja. Tena anaweza kuwa arbitri, na arbitri mwema anatafutwa kuliko mshambuliaji.

(b) Jifunze kusimamisha mpira mbele ya kujifunza kupiga. Asiyejua anataka kupiga paka kwa nguvu. Simama mbele ya ukuta, hatua tano, piga mpira kwa ubavu wa ndani wa mguu, ukirudi usimamishe, piga tena. Mguu unaopokea usiwe mgumu kama mti; uurudishe nyuma kidogo kama unapokea yai. Dakika 15 kila siku. Mguu wa kuume, kisha wa kushoto.

(c) Piga pasi fupi, na upesi. Mpira ukikaa kwako sana, utanyang'anywa. Mwangalie mwenzako aliye karibu, mpe, kisha kimbia fasi iliyo wazi. Mtu anayetoa mpira vizuri wenzake hawamfukuzi.

(d) Usifuate mpira kila pahali. Wale wasiojua wote wanakimbia nyuma ya mpira mmoja kama kuku nyuma ya mahindi. Chukua nafasi yako, kaa pale, mpira utakuja.

(e) Usitupe miguu. Neno hili ni kubwa kuliko yote. Mwenye bidii asiyejua anajitupa chini kwa miguu miwili mbele ya mtu anayekimbia, na hapo ndipo mifupa inavunjika. Ukizuia, simama mbele ya mwenye mpira, piga magoti kidogo, mrudishie njia polepole, ngojea akosee. Bora goli liingie kuliko mwenzako alale hospitali.

(f) Kwa volei na basketi ni hivyo hivyo. Kwa volei, piga magoti, unganisha mikono, mpira uangukie juu ya mikono karibu na vifundo, usiupige ngumi. Anza na servisi ya chini. Ile ya juu itakuja. Kwa basketi, karibia kikapu kwanza, tupa toka mita 2, siyo toka katikati ya kiwanja kama unatupa jiwe kwa embe.

(g) Chunga mwili wako. Kimbia polepole na unyooshe mwili kwa dakika 10 mbele ya mchezo. Kunywa maji mbele, katikati na kisha. Usicheze na kambambili kwenye kiwanja cha mawe, na usicheze ukiwa na homa, hata kama ekipe inakulilia. Kifundo cha mguu kikiteguka, acha kucheza ile saa ile, weka kitambaa chenye maji ya baridi dakika 15 mpaka 20, funga na bandeji bila kukaza, lala na mguu juu. Watu wasikusugue wala kukuvuta siku zile za kwanza. Ukishindwa kukanyaga hata hatua 4, upelekwe hospitali. Na aliyegongwa kichwa akazimia, akatapika au akasahau alipo, asirudi mchezoni siku ile hata akikasirika, naye munganga amwone.

5. NENO KWA WALE WANAOJUA

Tumesema na asiyejua. Sasa ninyi mnaojua, kapiteni na mabingwa wa klasi, mtusikilize.

Kuna siku mbili za mchezo, na zisichanganyike. Siku ya mechi na shule nyingine, ekipe inachaguliwa, na anayejua ndiye anacheza. Haki ni hiyo, na amatere akubali, akae kati ya suporteri, aimbe. Lakini siku ya mchezo wa kila wiki si mechi. Ni saa ya wanafunzi wote. Siku ile mabingwa 22 wakichukua kiwanja na wengine wakawa miti ya kuzunguka, shule imenyang'anya haki ya watoto wake.

Tufanye hesabu. Klasi ina wanafunzi 40, saa moja, kiwanja kimoja. Mkicheza 11 kwa 11, wanafunzi 22 wanacheza dakika 60 na wanafunzi 18 hawachezi hata dakika moja. Sasa mkate kiwanja vipande viwili, kila kipande 5 kwa 5, na mkibadilishana kila dakika 15. Wanafunzi 20 wanacheza, 20 wanapumzika, na kwa saa moja kila mtu amecheza dakika 30. Mtasema: "Tuko na mpira mmoja tu." Wa pili mufunge na sashe na kamba, kama tulivyofanya wote tulipokuwa wadogo. Tena kila mpira una watu 10 pahali pa 22, ndiyo kusema kila mtu anaugusa mara nyingi zaidi. Ufundi unatoka kwa kugusa, hautoki kwa kutazama.

Jambo la pili ni namna ya kuchagua. Makapiteni wawili wanasimama, wanaita mmoja mmoja, mpaka anabaki mtu wa mwisho, na kapiteni anasema: "Basi huyu mumuchukue ninyi, sisi hatumutaki." Mnajua mtu yule anasikia nini moyoni? Acheni desturi ile. Andikeni hesabu kwenye vikaratasi, kila mtu avute chake: moja huku, mbili kule. Kazi ya dakika mbili.

Jambo la tatu: fanyeni kama Naismith, mubadilishe sheria. Kwa mfano, goli lisihesabiwe mpaka watu wote watano wameugusa mpira. Mtaona mabingwa wanajifunza kutoa pasi, na wale wanyonge wanajifunza kuipokea. Kwa volei, wasichana na wavulana wadogo washushiwe wavu. Hakuna Biblia inayosema wavu wa wanafunzi uwe mita 2,43.

Na jambo la nne: acheni matusi. Mtu akikosa mpira, anajua mwenyewe kwamba amekosa. Ukimwambia "mjinga," hujamfundisha kitu. Ukimwambia "piga magoti kidogo, tazama mpira," umemfundisha. Maneno yote mawili yanachukua pumzi ile ile.

6. MWISHO WA SOMO

Katika 1 Timoteo 4:8 mtume anapima mazoezi ya mwili na utauwa kwenye mzani mmoja, na anaona utauwa ni mzito zaidi. Lakini hakusema mazoezi hayana faida; alisema faida yake ni kidogo. Kidogo si bure. Na katika 1 Wakorinto 12:22 anafundisha kwamba viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa. Neno lile ni la kanisa, lakini shule yenye jina la kanisa haiwezi kuliacha kwenye mlango wa kiwanja. Ginsi tunavyomtendea asiyejua mpira, ndivyo tutakavyomtendea kesho asiyejua kusoma, asiye na kazi, asiye na nguvu.

Basi, wewe mwenye bidii, rudi kiwanjani, lakini rudi na ufundi kidogo kila wiki. Nawe mwenye ufundi, angalia usikose bidii ya yule unayemcheka.

Maswali ya kujibu katika klasi:
1. Neno "amatere" lina maana gani kwa asili yake? Maana ya pili ilitoka wapi?
2. Kwa nini Naismith aliweka kikapu juu, na kwa nini alikataza kukimbia na mpira?
3. Klasi yenu ina wanafunzi wangapi? Fanyeni hesabu ya dakika za kila mtu kwa saa moja ya mchezo.
4. Tengenezeni sheria moja mpya ya kusaidia wasiojua, muijaribu wiki hii, mutuambie imeenda namna gani.

Majibu ya swali la nne myatie katika sanduku la buletini. Yaliyo mazuri tutayaandika safari ijayo.